Kipanya cha wima baada ya miezi minane: mkono umepona, shabaha imepungua

Mnukuzi wa Kisumu (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu kutoka Kisumu. Swali la vipanya vya wima, yaani vile vya kompyuta vinavyoshikwa kwa ubavu mkono ukiwa umesimama, limeulizwa hapa mara nyingi na kujibiwa kwa sentensi moja moja, ama kwamba ni vizuri mno ama kwamba ni upotevu wa pesa. Kwa kuwa nimekitumia kimoja kwa miezi minane mfululizo, mchana kwa kazi na usiku kwa michezo, nimeona niandike kwa urefu nilichokipata.

Kazi yangu ni kunukuu mahojiano yaliyorekodiwa, na siku ambazo unukuzi haupo huwa ninaingiza takwimu kwenye majedwali. Ni kazi ya kuketi saa nane au tisa, ukirudisha sauti nyuma, ukibofya, ukiburuta, ukibofya tena. Mwaka jana maumivu yalianza katika kigasha cha kulia, upande wa juu, yakapanda hadi karibu na kiwiko. (Watu hulichanganya neno hili, kwa hiyo nieleweke: kiwiko ninachokisema ni pale mkono unapokunjika, na pale saa inapovaliwa nitapaita kifundo.) Niliyapuuza hadi jioni moja niliposhindwa kusonga ugali wa watu wawili. Mwiko ulisimama katikati ya sufuria, vidole vikalegea vyenyewe, nikalazimika kumwita ndugu yangu aje amalizie.

Ukitaka kuelewa kipanya cha wima kinabadilisha nini, laza kiganja chako mezani kama unayeshika kipanya cha kawaida, kisha ukishike kigasha hicho kwa mkono wa pili. Sasa geuza mkono usimame, gumba likiwa juu, kama unayetaka kumpa mtu mkono. Utahisi mfupa mmoja wa kigasha ukijiviringisha juu ya mwenzake. Kiganja kinapolala, mifupa hiyo miwili imepishana na misuli inafanya kazi ya kuishikilia hivyo kutwa nzima. Mkono unaposimama, mifupa inakaribia kukaa sambamba. Si lazima usimame kabisa. Logitech walipotoa MX Vertical mwaka 2018 waliuinamisha mgongo wake kwa nyuzi 57, na vingi vya bei nafuu vinakaribia hapo hapo.

Changu ni cha bei nafuu, nilikipata kwa chini ya shilingi elfu mbili: kina vitufe vitano, gurudumu, na viwango vitatu vya DPI, yaani nukta ambazo kielekezi husogea kwa kila inchi moja ya mwendo wa mkono. Viwango hivyo ni 800, 1200 na 1600.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya aibu. Mkono uliokuwa ukitoka kwenye kibodi ulizoea kukuta kitu kifupi mezani, sasa ukakuta mnara, na nilikiangusha kipanya kile mara nyingi kuliko nilivyokitumia. Tatizo la pili lilikuwa la ndani zaidi. Kwenye kipanya cha kawaida kidole kinabofya kuelekea chini, na meza inaupokea msukumo. Kwenye cha wima kidole kinabofya kuelekea ubavuni, kwa hiyo kila mbofyo unakisukuma kipanya kidogo kushoto, na kielekezi kinahama. Nilikuwa nikilenga mpaka wa safu katika jedwali ili niipanue, nami najikuta nimechagua safu ya jirani. Dawa yake ni gumba: likae limebana ubavu wa pili kwa nguvu ile ile ya kidole cha shahada, hata mbofyo ukija usikute nafasi. Hilo lilinichukua siku kumi hivi kulizoea.

Kufikia mwisho wa mwezi wa pili maumivu ya kigasha yalikuwa yamekwisha. Kazini sirudi nyuma.

Michezoni ndiko kwenye kesi. Katika michezo ya mikakati, kama Age of Empires II, sikupoteza chochote cha kusikitikia, kwa sababu amri nyingi huzitoa kwa kibodi na kipanya kazi yake ni kuchagua na kutuma. Katika michezo ya risasi, hususan Counter-Strike 2, nilishuka. Si kidogo. Marafiki tunaocheza nao walidhani nimemwachia mdogo wangu akaunti. Naomba wenye uzoefu waseme kama kuna njia ya kulirekebisha hili, au nikubali tu kwamba mkono mmoja hauwezi kuwa na mabwana wawili.

Kijana wa Lanet

Kaka, kwanza pole kwa mkono. Pili, nitasema bila kuzunguka: kucheza mchezo wa risasi kwa kipanya cha wima ni sawa na kuingia mbio za mita mia ukiwa umevaa gambuti. Inawezekana, lakini kwa nini?

Nieleze ninachokiona mimi kama mchezaji. Mlengaji mzuri hutumia viungo vitatu: bega na kiwiko kwa mizunguko mikubwa, kifundo kwa ile ya wastani, na ncha za vidole kwa marekebisho madogo ya mwisho. Kipanya cha kawaida, hasa kile chepesi, unaweza kukivuta kwa vidole kuelekea kiganjani pasipo mkono kusogea hata kidogo, na ule mvuto mdogo ndio unaoishusha alama ya shabaha kutoka kifuani hadi tumboni mwa adui. Katika Counter-Strike bunduki inaporuka juu unalazimika kuivuta chini hivyo hivyo. Sasa kwenye cha wima vidole vimejipanga ubavuni kama vimeshika chupa. Ili kushuka, lazima mkono mzima urudi nyuma kutoka begani. Umepoteza kiungo kizima cha ulengaji, na hakuna mpangilio wa skrini utakaokurudishia.

Halafu kuna kukinyanyua. Sisi tunaocheza kwa wepesi mdogo wa kielekezi, yaani mkono unakwenda mbali ili kielekezi kisogee kidogo, tunakinyanyua kipanya kila mara ili kukirudisha katikati ya mkeka. Jaribu kunyanyua kitu kirefu, kizito upande mmoja, kwa kukibana kwa gumba na kidole cha mwisho. Utachoka kabla ya raundi ya tano.

Na cha mwisho, vipanya vya ofisini vingi huripoti mahali vilipo mara 125 kwa sekunde, ilhali vya michezo huripoti mara 1000. Hiyo ni tofauti ya milisekunde 8 dhidi ya 1.

Mnukuzi wa Kisumu

Hoja ya vidole naikubali yote, na kwa kweli umenieleza jambo nililokuwa nikilihisi bila kulipatia jina. Hoja ya milisekunde naipunguza makali. Skrini yangu ni ya kawaida, inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, yaani picha moja kwa kila milisekunde 16 na ushei. Kwenye skrini ya namna hiyo, kipanya kinachoripoti kila milisekunde 8 bado kina habari mpya kwa kila picha. Sisemi tofauti haipo. Nasema si hiyo iliyonishusha mimi. Kilichonishusha ni mshiko.

Tabibu wa Viungo, Kakamega

Nimefuata uzi huu kwa sababu wagonjwa wa aina hii nakutana nao, na wengi huja wakiwa wameshajipa jina la ugonjwa kutoka mtandaoni. Naomba tutenganishe mambo mawili.

Maumivu ya juu ya kigasha yanayopanda hadi kwenye kiwiko, kama aliyoyaeleza mwanzilishi wa uzi, kwa kawaida hutokana na misuli inayokiinua kiganja na vidole, ambayo imejishikiza kwenye mfupa upande wa nje wa kiwiko. Mtu akikaa kutwa ameinua kidole juu ya kitufe akisubiri kubofya, misuli hiyo haipumziki. Hapo kubadilisha mkao wa mkono kunaweza kuleta nafuu.

Jambo la pili ni neva ya kati kubanwa kwenye kifundo. Hiyo hupita katika njia nyembamba pamoja na kano 9 za kukunja vidole, na dalili yake ni ganzi au kuchomachoma katika gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, mara nyingi usiku, hadi mtu anaamka anaukung'uta mkono. Ganzi ikiwa katika kidole cha mwisho, hiyo ni neva nyingine. Kwa hali hii ya kubanwa kwa neva ya kati, kipanya cha wima si tiba. Jarida la Applied Ergonomics lilichapisha mwaka 2015 utafiti uliopima shinikizo ndani ya njia hiyo kwa wagonjwa wenyewe, na ikaonekana kwamba kipanya cha wima kilibadilisha mkao wa kifundo lakini hakikulipunguza shinikizo. Kwa hiyo mwenye ganzi asitumie shilingi zake dukani kabla ya kuonwa hospitalini.

Zaidi ya hayo, angalieni meza. Mtu aliyeketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya meza ya kulia chakula huwa amepandisha mabega bila kujua. Kiwiko kinafaa kiwe karibu usawa na meza, na kipanya kiwe karibu na mwili, si kule mbali baada ya tarakimu za kibodi.

Mnukuzi wa Kisumu

Daktari, asante. Umenikamata hapo kwenye kiti cha plastiki. Mimi nilikuwa nakalia mto mmoja, sasa nimeongeza wa pili.

Mama Saiba, Bungoma

Mimi nina saiba hapa Bungoma, na nina neno la wateja na neno langu mwenyewe.

La wateja ni hili. Niliweka kipanya cha wima kwenye mashine moja kati ya sita, nikiamini nimewatendea watu wema. Mwezi Juni ulipofika, watu wakijazana kuwasilisha ripoti za ushuru kabla ya tarehe 30, mashine ile ikawa ndiyo inayochelewesha foleni. Mzee mmoja mwalimu mstaafu alikishika kutoka juu kabisa, kiganja kikifunika kichwa chake, kama anayefunika kikombe cha chai kisiingie nzi, akawa anatafuta vitufe kwa macho. Nilipomwonyesha kushika kwa ubavu alicheka, akasema, "Kumbe ni kusalimiana nacho." Alimaliza vizuri, lakini aliyekuja baada yake akaanza upya kukifunika. Kwa mahali ambapo kila dakika kumi anaketi mtu mwingine, kipanya hiki hakifai. Nilikiondoa nikakipeleka kwenye meza yangu.

Hapo ndipo linapoanza neno langu mwenyewe, kwa sababu mimi ni wa mkono wa kushoto. Kipanya cha kawaida chenye umbo sawa pande zote nilikuwa nakihamishia tu kushoto, nabadilisha vitufe kwenye mipangilio, maisha yanaendelea. Cha wima hakihamishiki. Kimechongwa kwa kiganja cha kulia, na ukikishika kwa kushoto vitufe vyote vinakuwa upande wa gumba. Vya kushoto vinatengenezwa, Evoluent wanavyo, na Logitech walipotoa Lift mwaka 2022 walitoa na toleo la kushoto, lakini kuvikuta madukani huku kwetu ni kubahatisha. Nimejifunza kutumia cha kulia kwa mkono wa kulia, na sasa ninaandika risiti kwa kushoto huku nikibofya kwa kulia. Wateja wanadhani ni ufundi mkubwa.

Fundi wa Nakuru

Salamu kutoka Nakuru. Nitachangia upande wa ufundi kwa sababu vipanya hivi sasa vinaletwa mezani kwangu.

Kasoro ya kwanza ninayokutana nayo katika vile vya bei nafuu ni mbofyo mmoja kuhesabika kuwa miwili. Hiyo ni swichi ndogo iliyo chini ya kitufe, bati lake la ndani limechoka. Hubadilishwa kwa kuchomelea nyingine, kazi ya nusu saa, mradi fundi awe na subira ya kufungua, kwani vipanya vya wima havifunguki kama vile vingine. Skrubu mara nyingi zimefichwa chini ya vile vipande laini vinavyoteleza mezani, na ukivibandua vibaya kipanya kitakwaruza milele. Kasoro ya pili ni gurudumu kurukaruka, ukisogeza ukurasa chini unapanda juu. Mara nyingi ni vumbi tu, na sisi tunaokaa Nakuru vumbi hatufundishwi. Ya tatu ni ule mpira laini uliopakwa mgongoni: baada ya mwaka mmoja au miwili ya jasho unaanza kunata. Naufuta kwa spiriti hadi plastiki yenyewe ibaki.

Kuhusu michezo, kabla hujakilaumu kipanya, angalia Windows inakufanyia nini. Katika mipangilio ya kipanya kuna alama ya kuongeza usahihi wa kielekezi, na mara nyingi utaikuta imewashwa tangu mwanzo. Jina lake linadanganya. Kazi yake ni kukiongezea kielekezi mwendo kadiri mkono unavyokwenda kasi, kwa hiyo umbali ule ule wa mkono haukupeleki mahali pale pale mara mbili. Kuna michezo inayoipuuza alama hiyo na mingine isiyoipuuza. Iondoe.

Ikiwa una pesa za kutosha, mwaka 2025 Razer walitoa Pro Click V2 katika umbo la wima, chenye kihisi cha michezo na cha kuripoti mara 1000 kwa sekunde. Hicho kinajibu hoja ya milisekunde ya Kijana wa Lanet. Hoja yake ya vidole hakiijibu, na sidhani kama kuna kitakachoijibu.

Msomaji wa Webuye

Samahani kwa kuuliza la msingi. Nataka kununua lakini mkono wangu ni mdogo, na nimeambiwa vingi ni vikubwa. Nipimeje?

Mnukuzi wa Kisumu

Nyoosha kiganja, upime kuanzia mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Logitech wanasema Lift ni ya mikono midogo na ya wastani, hadi sentimita 19, na MX Vertical ni ya wenye mikono mikubwa kuliko hiyo. Unaweza kutumia kipimo hicho hicho kukadiria vya kampuni nyingine. Kikiwa kikubwa, vidole havifiki mbele ya vitufe na utakuwa unabofya katikati, mahali ambapo kitufe ni kigumu. Ikiwa unaweza kufika mjini Kisumu au Eldoret, ingia dukani ukishike kwanza, hata kikiwa kimezimwa. Mimi niliagiza kutoka Nairobi, kikaja kwa basi la usiku, na nilikuwa na bahati tu kwamba kilinitosha.

Sasa nirudi kwa mabwana wawili. Baada ya maneno ya Kijana wa Lanet niliacha kubishana na maumbile, nikafanya mambo matatu.

Kwanza niliiondoa ile alama aliyoitaja Fundi. Tofauti ilionekana siku hiyo hiyo, hata kazini.

Pili, nilihesabu upya. Kwenye kipanya changu cha zamani nilikuwa nikitumia DPI 800 na wepesi wa 1.6 ndani ya mchezo. Ukizidisha unapata 1280. Nilipohamia cha wima nilikiacha kwenye 1600 bila kugusa mchezo, kwa hiyo nilikuwa nikicheza kwa 2560, maradufu ya nilivyozoea, na huku naulaumu mgongo wa kipanya. Nilikirudisha kwenye 800, kisha nikaushusha wepesi wa mchezo hadi 1.2, ili bega lipate nafasi ya kufanya kazi ambayo vidole vimeiacha. Hii inadai mkeka mkubwa. Nilikata kipande cha zulia jembamba lililobaki sebuleni, na kinafanya kazi kuliko mkeka niliokuwa nao.

Tatu, na hili ndilo lililonifaa zaidi, nimeviacha vipanya vyote viwili vimeunganishwa kwa wakati mmoja. Kompyuta haina shida na hilo. Vyote vinaendesha kielekezi kimoja. Jambo la kuangalia ni kwamba Windows ina mpangilio mmoja tu wa kasi ya kielekezi kwa vipanya vyote, kwa hiyo usiuguse huo, zisawazishe kasi kwa kitufe cha DPI kilicho kwenye kila kipanya. Cha wima kinakaa kulia kwa saa zote za kazi. Cha zamani kiko nyuma ya skrini, nakitoa kwa mchezo wa risasi, si zaidi ya saa moja, na si kila siku. Kigasha hakijalalamika.

Kijana wa Lanet

Ngoja kwanza. Ulikuwa unacheza kwa maradufu ya wepesi wako kwa miezi minane, na hukujua?

Mnukuzi wa Kisumu

Miezi saba na nusu.

Tabibu wa Viungo, Kakamega

Saa moja inakubalika, lakini usiketi nayo moja kwa moja. Kila raundi inapokwisha una sekunde kadhaa za kusubiri. Uachilie mkono ulale pajani, uvinyooshe vidole. Watu huzitumia sekunde hizo kubofya hovyo bila sababu yoyote.

Kijana wa Lanet

Nimerudi baada ya wiki tatu. Niliazima kipanya cha wima kwa binamu yangu ili niweze kukitukana kwa haki. Nilikipa siku tano za kazi za chuo na jioni tano za mchezo. Kwa risasi msimamo wangu ni ule ule, na nimepanda kidogo tu kutoka pale nilipokuwa nimeanguka siku ya kwanza. Lakini kuna kitu sikutegemea. Nilipokuwa nikiandika ripoti ya mradi, kurasa arobaini za kuweka michoro na kusahihisha majedwali, niligundua nimefika saa sita usiku bila kukibinyabinya kifundo kwa mkono wa pili, jambo ambalo huwa nalifanya bila kufikiri. Sikuwa najua kwamba huwa nalifanya hadi nilipoacha.

Binamu ameniomba kipanya chake. Nimemwambia bado nafanya utafiti.

Mnukuzi wa Kisumu

Mwongezee wiki moja ya utafiti. Na Ijumaa usiku, stima isipopotea, ingia Age of Empires tukutane, wote wawili kwa vipanya vya wima. Mto wangu wa pili uko tayari kitini.